Mbegu Haipikwi

Kazi yangu mimi ni kuotesha mbegu na kuziua. Nakaa Ipagala, hapa Dodoma mjini, nauza togwa, na togwa bila kimea ni uji uliopoa tu. Kwa hiyo kila wiki nalowesha uwele kwenye beseni, naumwaga juu ya gunia bichi, naufunika kwa gunia jingine na kunyunyizia maji asubuhi na jioni. Kwanza punje inavimba. Halafu ncha yake inapasuka na kutoa kidoa cheupe, kama jino la kwanza la mtoto. Huo ndio mzizi. Ndio unaotangulia, unatafuta chini kabla jani halijatafuta juu. Ukichelewa kidogo unakuta gunia zima limeshikana, mizizi imefumana kama nywele za mtu aliyeamka usingizini. Hapo nauanika juani ufe, nausaga, napika. Wateja wangu wanasema togwa yangu ni tamu.

Kwa hiyo mtu asije akanifundisha habari za mbegu. Najua inataka nini. Inataka joto, na Dodoma joto tunalo la kugawia watu. Inataka hewa, na kwetu hewa inakuja na vumbi lake. Inataka maji. Basi hapo ndipo tulipokwama, hapo tu, na sikuwa na la kufanya. Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mama aliniita kabla ya mvua. Alikuwa bado anaishi kijijini kwetu, upande wa Kongwa, kwenye nyumba yake ya tembe, ile ya paa la udongo aliyokataa kabisa kuibomoa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na kifua kilikuwa kinamkoroma akipanda hata kamwinuko kadogo. Aliazima simu ya jirani akasema, "Njoo tupande. Safari hii ni wewe." Sikuuliza, maana nilijua, na machozi yalinitoka nikiwa nimeshika mwiko.

Kwetu mama hampi binti mbegu kwa kuitoa juu darini na kumkabidhi. Huo ni msaada, hata mpita njia anapewa. Mbegu inayorithiwa ni ile ya shamba ambalo mama na binti wamelipanda pamoja, wakapalilia pamoja, wakavuna pamoja. Masuke ya mavuno hayo ndiyo binti anaondoka nayo. Bibi yangu alimpa mama hivyo, na yeye alipewa hivyo na mama yake. Zamu ilikuwa ya dada yangu, mkubwa wetu. Dada alifariki mwaka juzi. Nikabaki mimi, na mama akabaki na msimu ambao hakujua kama atapata mwingine.

Uwele wenyewe si kwamba ni ajabu ya dunia. Uwele upo sokoni, mimi mwenyewe nanunua kwa magunia. Lakini ule wa mama ulikuwa na nywele ndefu kwenye suke, zinachoma, ndege wakitua wanajuta. Na ulikuwa na haraka. Mvua zetu ni fupi na zina dharau, na ule uwele ulikuwa unajua hivyo, unakomaa wakati uwele mwingine bado unajiuliza. Masuke ya mbegu yalining'inizwa jikoni juu ya mafiga, yakapigwa moshi mwaka mzima mpaka yakawa meusi kama makaa. Mdudu hagusi.

Nilikua nikiyatazama masuke yale. Kuna mwaka wa njaa nilipokuwa mdogo, tulikuwa tunakula mlenda mtupu, bila ugali, siku zinafuatana. Nililia. Nilimwonyesha mama kwa kidole, pale juu, chakula kile pale! Dada akanifinya ninyamaze. Mama alikuja akachuchumaa mbele yangu, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga. "Mbegu haipikwi," akasema. "Anayekula mbegu anakula wajukuu." Mimi nikamjibu kwamba sina wajukuu, nina njaa. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akageuza uso. Tulilala na mlenda wetu, na yale masuke yakalala juu yetu.

Basi nikaenda. Tulipanda kwenye vumbi, kabla tone halijadondoka, maana ukisubiri mvua inyeshe ndipo uanze kutafuta jembe, hizo siku chache za unyevu zimekupita. Mimi nilitangulia nachimba vishimo, mama nyuma na kibuyu chake, anadondosha punje, anafukia kwa unyayo. Alikuwa haoni vizuri lakini mguu wake ulikuwa unaona. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno mengi, alipita na ndoo yake akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Kisha akatutania, "Jamani, mnapanda au mnazika?"

"Vyote ni kufukia," mama akamjibu bila kuinua kichwa.

Tulicheka sote watatu. Nimelirudia neno lile kichwani mara nyingi mno.

Mvua ikaja. Ilikuwa mvua ya mchana, ilianzia mbali kwenye vilima kama pazia, ikatufikia na kupiga vumbi hadi likanuka utamu ule ambao mtu wa huku anaujua. Niliruka uwanjani kama mwehu. Tukangoja. Asubuhi moja tukaenda shambani, na pale kwenye vishimo udongo ulikuwa umepasuka nyufa ndogo, na ndani ya nyufa vimesimama vijani vimejiviringisha kama sindano, vyekundu shinani, kijani juu. Mama alipiga magoti, akainama taratibu mpaka uso ukafika chini, akakigusa kimoja kwa mdomo wa chini. Vidole vyake vilikuwa na sugu za jembe, havisikii kitu laini. Mdomo ulikuwa bado unasikia.

"Umeota," akasema. Alikuwa na udongo kidevuni na anatabasamu.

Halafu jua likatoka, likakaa. Loo, jua lile! Kila siku mawingu yalijikusanya alasiri, meusi, mazito, unasema leo hapana, leo lazima, na jioni yanaondoka kama wageni waliogundua wamekosea nyumba. Niliyatukana. Nilisimama katikati ya shamba, mwanamke mzima, nikayatukana mawingu matusi ya stendi. Mama akaniambia, "Acha, yatasikia." Mche ukikosa maji hauanguki kwanza. Unajikunja jani, unajifunga, unajificha jua. Asubuhi unajaribu kufunguka tena, unakudanganya. Kisha siku moja haufunguki. Ukiuvuta unatoka mkononi na kamzizi kake kamoja, kakavu, kanakoning'inia.

Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kulilia majani madogo hivyo. Nililia.

Mama hakulia. Alishusha masuke mengine kutoka jikoni, akayapukuchua. Yalibaki machache tu pale juu, ya akiba, ambayo hayashushwi mpaka mavuno yaonekane kwa macho. Mvua ya pili ilipokuja tulipanda tena, na safari hii ilikuwa mvua ya kweli, ilirudi na kurudi. Uwele ukaota ukasimama, majani mawili, matatu. Tukapalilia. Mama akaanza kuimba shambani kwa sauti yake ya kukwaruza, na mimi nikaanza kupanga nitayaning'iniza wapi masuke yangu Ipagala, maana napikia mkaa na gesi, sina moshi wa maana. Nikasema nitajenga kibanda cha kuni uani. Nikakipima hadi kwa hatua. Nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Hapo ndipo jirani yule wa "mnapanda au mnazika" alipokuja. Mahindi yake yote yalikuwa yamekauka ile mara ya kwanza. Mahindi ya dukani, alikuwa anategemea kuyauza kwenye soko la Kibaigwa kama watu wote siku hizi. Alikaa kwenye kigoda, akasalimia, safari hii bila utani. Kisha akasema, "Mama, sina mbegu."

Mama akainuka, akaingia jikoni, nikasikia masuke yanashushwa. Nilimfuata mbio. "Mama! Hiyo ni ya mwisho!"

"Naijua."

"Mpe nusu basi."

"Mbegu hainyimwi," akasema, "wala haikatwi nusu. Hata mimi nilipewa. Na yetu si ile pale, imesimama?"

Nikasonya. Mbele ya mama yangu, nikasonya, naye akajifanya hakusikia. Alimpa masuke yote. Jirani aliondoka akimshukuru kwa mikono miwili, na mimi nilishindwa hata kumuaga. Si kwamba mama alikosea. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyoishi tangu zamani: ghala lako la mbegu ni nyumba za wenzako. Ukipoteza yako unaenda kudai kwa uliyempa. Miaka yote mama alikuwa amegawa, nyumba kwa nyumba, na hajawahi kukosa.

Kiangazi cha katikati ya msimu huwa kipo kila mwaka, siwezi kusema kilituvizia. Kinakuja, kinakaa kidogo, kinaondoka. Mwaka ule hakikuondoka. Kila kukicha nilikuwa naenda shambani nikiwa nimeshajua nitakachokiona, na bado nilienda. Tulibeba maji kwa ndoo kutoka bombani, bomba lenyewe linatoa kwa kukohoa. Unamwagia mistari miwili, ya kwanza imeshakauka kabla hujafika mwisho wa pili. Mama alinifuata na kikopo, anamwagia mche mmoja mmoja, anakosea, anamwaga pembeni kwenye vumbi kwa sababu haoni. Nilimwacha amwage.

Uwele ulikufa. Shamba la jirani nalo likafa, lile alilopanda mbegu yetu, maana jua halikuwa na nyumba linayoiruka. Alikuja kutuambia amesimama mlangoni, hakuingia, mdomo ameufunika kwa kanga. Mama akamkaribisha uji.

Basi nikaanza kuzunguka. Mama alinitajia nyumba zote alizowahi kuzipa mbegu, anahesabu kwa vidole, anacheka kwa kukumbuka, huyu nilimpa alipojifungua, huyu nilimpa alipoachika. Nikaenda kila mahali. Shikamoo, marahaba, karibu mwanetu, mama hajambo? Nikaeleza. Na kila mahali wakanitazama kwa huruma, na kila mahali jibu likawa lile lile kwa midomo tofauti. Siku hizi tunapanda alizeti. Siku hizi mahindi ya mfuko. Ule uwele tuliuacha, mwanangu, watoto hawapendi ugali wake. Bibi mmoja alinipeleka jikoni kwake akanionyesha kulabu alikokuwa anauning'iniza. Kulabu ilikuwepo, imening'inizwa tochi.

Sikuwalaumu, nitawalaumuje? Mimi mwenyewe niliishi mjini nikila wali. Lakini nilirudi nyumbani nikihisi kwamba kila nyumba ilikuwa ikiamini nyumba ya pili ndiyo iliyoitunza mbegu.

Ikabaki nyumba moja. Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, alihamia Kibaigwa zamani, akafanikiwa kwa biashara ya mahindi, akajenga nyumba ya bati mbele kabisa ya barabara ambako malori yanapaki. Nilifika kwake mchana wa jua kali. Nilipomweleza alinishika mkono akaniongoza hadi jikoni, jiko la nje, jengo lake la matofali na bati, na akaonyesha juu kwa fahari kama anayeonyesha picha ya harusi.

Yalikuwepo! Masuke ya bibi yangu, meusi, yenye nywele zake, yamefungwa kwa kamba ya mkonge, yananing'inia juu ya mafiga sawasawa kama inavyotakiwa. Nilipiga kigelegele mpaka wapagazi wa malori wakageuka.

"Sijapanda miaka kadhaa, shamba lote ni mahindi," akasema mama mdogo. "Lakini hii sikuiacha. Nimeitunza kama mama alivyotufundisha. Juu kabisa, karibu na paa, moshi uipate." Alikuwa analia na kucheka.

Nilipanda kigoda nikafungua kamba. Kiganja changu kiligusa bati, nikakirudisha haraka kwa kuungua. Nilisimama kidogo pale juu ya kigoda. Kwenye tembe, paa ni udongo mnene, mchana jikoni kuna ubaridi, moto uko chini tu. Hapa moto ulikuwa chini na moto ulikuwa juu, miaka kadhaa, kila siku. Mama mdogo alifuata mila yote, hakuruka hata moja. Nyumba tu ndiyo iliyobadilika. Sikumwambia kitu. Nilishuka na masuke, nikamkumbatia, na njia nzima nilijiambia kwamba labda bado yana uhai.

Mama aliyapokea kwa mikono yote miwili akayanusa. "Ya mama," akasema. Kisha akaanza kupanga kwa haraka kama msichana: hatuhitaji shamba, tutatengeneza kitalu kimoja hapa nyuma ya nyumba, tutamwagilia kwa ndoo, yakitoka masuke hata ya kujaza ungo yanatosha, nitakupa, utaondoka nayo. Na mvua, kama kwa kutukomoa, ikarudi wiki ile ile. Ilinyesha vizuri, taratibu, mvua ya kupandia.

"Tujaribu kwanza, mama," nikasema. "Punje chache tu."

Nilizilowesha kama ninavyolowesha za kimea. Nikazifunga kwenye kipande cha kitenge kibichi, na mama akakichukua akakiweka kifuani, chini ya gauni, zipate joto lake. Alitembea nacho, alilala nacho. Siku ya kwanza akanipa nitazame. Zilikuwa zimevimba, na mama akauliza, "Vipi?" kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Nikasema zimevimba. Akashukuru Mungu. Mimi sikushukuru, kwa sababu ninaijua kazi yangu: punje ikivimba usishangilie, hata maiti huvimba.

Nilingoja kidoa cheupe. Nilifungua kile kitenge, nikazigeuza punje moja moja kwa kucha, natafuta kajino. Hakuna. Nikafunga, nikanyunyizia maji, nikangoja tena. Mwishowe, nilipofungua, harufu ilinitangulia. Punje zilikuwa laini, zimeota ukungu, zinanuka uchachu. Mama alikuwa amekaa mkekani anasikiliza. Alinyoosha mkono, nikampa. Alikikunjua kile kitambaa akakileta kinywani, akapitisha mdomo wa chini juu ya punje, huku na huku, polepole, kama alivyofanya shambani. Akarudia.

"Labda hazijapata joto," akasema.

Tukafanya tena kwa nyingine. Safari hii alikataa kula akiwa amezishika, sijui kwa nini, naona aliona ni nadhiri. Zikaoza kama za kwanza. Nje mvua ilikuwa inanyesha, kitalu tulichokilima kilikuwa kimelowa vizuri, cheusi, kinangoja. Magugu yalikuwa yameshaanza kuota humo yenyewe, bila kupandwa na mtu.

Mama alikaa sana akiyapapasa masuke yaliyobaki, yamejaa mapajani mwake. Nilifikiri atasema tuyarudishe juu jikoni, tungoje mwakani, tumwulize mtu mwingine. Nilikuwa tayari kukubali lolote. Nilikuwa tayari kumdanganya, niende sokoni nikanunue uwele wowote, nimwambie zimeota.

"Bandika sufuria," akasema.

"Mama."

"Bandika, nimesema."

"Mbegu haipikwi, mama."

"Hii si mbegu tena." Akaanza kupukuchua ndani ya ungo, kwa vidole vyake vya sugu, bila kuharibu punje hata moja. "Hii ni nafaka."

Alisaga mwenyewe kwenye jiwe, akinikataza kumsaidia, anakoroma kifua, anapumzika, anasaga tena. Mimi nilichochea moto. Juu ya mafiga kamba ya masuke ilikuwa imening'inia tupu, na moshi ulikuwa unapanda kama kawaida yake, haujui. Nilisonga ugali. Ulikuwa mweusi mweusi na ulinukia moshi. Nikachota mlenda, nikamnawisha mama mikono, tukakaa na sinia katikati yetu.

Alimega tonge, akachovya, akatafuna taratibu, akameza. Mimi nilikaa mikono mapajani. Akasikia kwamba sigusi sinia, akageuza uso wake upande niliokuwepo, yale macho yenye ukungu yakanitazama kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa.

"Zamani uliulilia," akasema. "Haya, kula."

Nikala. Ulikuwa ugali mtamu, Mungu anisamehe, na nilikuwa na njaa.